Tusome Nyaraka kwa Programu Ipi?

Mwaka jana mwenzangu mmoja wa darasa alibadilisha mada ya kazi yake ya mwisho kwa sababu faili lilikataa kufunguka. Hakukuwa na sababu nyingine. Alikuwa amekwisha kubaliwa kuandika juu ya Kingwana cha zamani: achukue *Manuel de Kingwana* ya akina Whitehead, iliyotolewa mwaka 1928, ailinganishe na Kiswahili kinachozungumzwa leo kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Mada nzuri, ya kwetu, ambayo wageni wameigusa mara nyingi kuliko sisi. Alitumiwa nakala iliyopigwa picha ukurasa baada ya ukurasa. Akaiweka kwenye mashine yake, akabonyeza mara mbili, akangoja. Ukurasa wa kwanza ulitokea. Wa pili ulitokea nusu. Kwenye wa tatu mashine iliganda, feni ikalia kama pikipiki inayopanda mlima, na betri ikaisha kabla hajafika kwenye ngeli ya kwanza. Alijaribu kwa wiki mbili, nyakati ambazo umeme ulikubali kuja. Mwishowe akaenda kwa mwalimu wake akasema ameona ni bora aandike juu ya methali.

Sina neno na methali. Lakini nilipoichukua flashi yake na kulifungua faili lile lile kwenye mashine yangu, ambayo ni nzee kuliko yake, lilifunguka. Tofauti yetu ilikuwa kwenye programu ya kusomea tu, wala haikuwa ya akili au ya fedha. Nilimweleza, naye akaniuliza, bila hasira: «Kwa nini hukuniambia mapema?» Makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa mwaka mmoja.

Najua baadhi ya walimu wetu watashangaa kuona jarida la fakultati ya lugha linatoa kurasa zake kwa mambo ya mashine. Watasema hayo ni ya watu wa informatiki. Nawaomba radhi, lakini sikubali. Mtu anayechunguza lugha leo husoma sehemu kubwa ya vitabu vyake kwenye kioo. Programu inayomwonyesha kitabu imechukua nafasi ya meza, taa na mwanga wa dirishani, na hakuna mwalimu ambaye angekaa kimya akiona maktaba ina viti visivyokalika.

Kwetu Uvira jambo hili lina uzito zaidi, na sababu zinajulikana na kila aliyelala hapa msimu mmoja wa mvua. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na matope na mawe, ukabeba nyumba na watu. Kwetu ulibeba sanduku la bati la baba, lenye daftari zake za ualimu, kamusi mbili, na kitabu cha hadithi ambacho sisi watoto wote tulijifunzia kusoma. Mwaka 2024 ziwa lenyewe ndilo lililopanda, likaingia kwenye nyumba za pwani huku kwetu na ng'ambo kule Gatumba. Karatasi haina maisha marefu kati ya mlima na ziwa. Ndiyo maana nyumbani kwetu siku hizi vitabu viko ndani ya flashi tatu, moja ikikaa kwa shangazi kule Kasenga, endapo.

Sasa, kitabu kilicho ndani ya flashi hakijawa kitabu mpaka kitu fulani kikifungue. Na mashine tulizo nazo wengi wetu ni zile zilizokwisha tumika Ulaya au Dubai, zikapita Bujumbura au Bukavu, zikatufikia zikiwa na kumbukumbu ya giga mbili, betri inayodumu dakika arobaini, na kibodi iliyopoteza herufi moja au mbili njiani. Windows mpya zaidi haikai humo. Wengi wetu tumehamia Linux bila kutangaza, kwa njia ile ile watu wanavyohamia mtaa wa juu baada ya mafuriko: si kwa imani, bali kwa kukosa pa kukaa. Mimi nilisaidiwa na yaya yangu aliyesomea Bujumbura, aliyenipa Debian kwenye flashi siku moja nilipovuka kumsalimu. Nilidhani taabu zimeisha. Kumbe Debian ni nyumba tu, na vyombo vya ndani lazima uvichague mwenyewe.

Hapo inabidi kueleza kidogo faili la PDF linavyofanya kazi, maana bila hilo mtu atachagua programu kwa sura yake. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, yaani si mali ya siri ya mtu mmoja tena. Ndani yake kuna maelekezo: weka herufi hii hapa, chora mstari pale, bandika picha hii kwa upana huu. Programu ya kusomea husoma maelekezo hayo na kuchora ukurasa upya kila unapoufungua. Kitabu kilichoandikwa kwa kompyuta, chenye herufi za kweli, kina maelekezo mepesi. Mashine yoyote hukichora upesi. Kitabu kilichopigwa picha ni jambo jingine. Kila ukurasa wake ni picha moja kubwa, na picha hiyo, hata ikiwa imebanwa ndani ya faili, hulazimika kufunguliwa yote kwenye kumbukumbu ili ionekane.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Ukurasa wa A4 uliopigwa kwa nukta 300 kwa kila inchi una nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, jumla karibu milioni 8.7. Ukipigwa kwa rangi, kila nukta hula baiti tatu. Ukurasa mmoja unakuwa mega 26 kwenye kumbukumbu. Ukipigwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta nane hukaa ndani ya baiti moja. Ukurasa ule ule unakuwa mega moja na ushei. Na mtu akiona fahari kupiga kwa nukta 600 na kwa rangi, ukurasa mmoja unavuka mega 100. Programu yenye tabia ya kuandaa kurasa kumi mapema, ili usione ikichelewa, tayari imekula giga nzima ya mashine yenye giga mbili. Hapo ndipo feni inapoanza kulia. Tena vitabu vingi vya zamani tunavyovipata kwenye hazina ya Internet Archive vimebanwa kwa njia inayoitwa JPEG 2000, ambayo huokoa nafasi kwenye diski lakini hudai kazi nyingi kwa kichakataji wakati wa kufunguliwa. Faili dogo si lazima liwe jepesi, jambo ambalo lilinichukua miezi kulielewa.

Basi nilijaribu programu moja baada ya nyingine, kwa vitabu viwili vile vile: sarufi ya 1928 iliyomshinda mwenzangu, na juzuu moja la kamusi ya Padri Sacleux, ile ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka 1939, ambayo kurasa zake zina safu mbili za herufi ndogo kama ndagala.

Okular ndiyo niliyoanza nayo kwa sababu kila mtu huisifu, na sifa zake ni za haki. Ina alama za rangi, maelezo pembeni, orodha ya sura, inafungua PDF, DjVu, EPUB na mengine. Mwaka 2022 ilikuwa programu ya kwanza kabisa kupewa lebo ya mazingira ya Ujerumani, Blauer Engel, kwa kuwa haili umeme ovyo na inaweza kuendelea kutumika kwenye mashine za zamani. Sibishani na Wajerumani. Lakini Okular ni mtoto wa jamaa ya KDE, na mtoto huyo haji peke yake. Ukimwalika kwenye mashine isiyo ya KDE, anakuja na ndugu wengi wa kupakuliwa, na mega za kupakua hapa kwetu zinanunuliwa kwa fedha ambayo ingekuwa ya chakula. Mtu mwenye mashine ya giga nne na anayefanya kazi ya kuhakiki matini, naye aichukue bila wasiwasi. Mimi niliishindwa si kwa ubaya wake.

Evince, ya GNOME, na dada yake Atril, ambayo ilitokana nayo kwa ajili ya mazingira ya MATE, nilizikuta za kati na kati. Zina menyu inayoeleweka, zinakumbuka mambo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatapotea humo. Kwa silabusi iliyoandikwa kwa kompyuta hazina tatizo hata chembe. Kwa Sacleux zilianza kupumua kwa shida nilipofika kwenye herufi K.

Zote hizo mbili, na nyingine nyingi, huchora PDF kwa msaada wa maktaba moja inayoitwa Poppler, iliyochipuka mwaka 2005 kutoka programu ya kale ya Xpdf, ambayo Derek Noonburg aliitoa mwaka 1995. Nataja ukoo huu kwa sababu ni jambo ambalo watu wa lugha tunalielewa haraka: programu zenye sura tofauti zinaweza kuwa lahaja za lugha moja, na mbili zinazofanana usoni zikawa za familia mbili. MuPDF ni ya familia nyingine. Inachora kwa injini yake yenyewe, na injini hiyo iliandikwa tangu mwanzo iwe ndogo na ya haraka.

MuPDF ndiyo iliyofungua kitabu cha mwenzangu. Ukiiita, unaona ukurasa tu. Hakuna menyu, hakuna vitufe, hakuna kitu pembeni. Siku ya kwanza nilidhani imeharibika. Kisha nikajifunza: namba ya ukurasa na herufi g, nawe uko hapo, mkwaju, halafu neno, nawe unatafuta, herufi kubwa W, ukurasa unajaa upana wa kioo, herufi kubwa I, rangi zinageuka, karatasi inakuwa nyeusi na maandishi meupe, jambo la neema kwa anayesoma saa nane za usiku chumba kimoja na wadogo zake waliolala. Mambo hayo manne yalinitosha kusoma mwaka mzima. Kuna namna ya kuweka maelezo pia, lakini si kwa mtu mwenye haraka.

Zathura nayo naipenda, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo. Ni ganda jepesi ambalo ndani yake unachagua injini: MuPDF au Poppler kwa PDF, nyingine kwa DjVu. Inakumbuka ukurasa uliokomea. Wapenzi wake hawagusi kipanya kabisa. Mimi ndiyo ninayoitumia sasa, kila siku. Lakini sitaipendekeza kwa fakultati nzima, kwa sababu nimeona sura za watu ninapowaonyesha. Mtu aliyekuja kutafuta tofauti ya kauli ya kutendea na ya kutendesha hastahili kwanza kufanyishwa mtihani wa amri za kibodi.

Kwa hiyo chaguo langu kwa chumba chetu cha kusomea, lile ambalo ningeliweka kwenye kila mashine kama ningekuwa na ruhusa, ni qpdfview. Ni ya familia ya Poppler, kwa hiyo si ya haraka kama MuPDF. Lakini ni nyepesi kiasi cha kutosha, haidai ndugu wengi, inafungua DjVu, na ina kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa lugha anakihitaji kuliko mwanafunzi mwingine yeyote: vichupo. Unaweka kamusi kichupo kimoja, matini cha pili, sarufi cha tatu, unaruka kati yao. Kazi yetu ni ya kulinganisha. Na kando yake ningeweka MuPDF kwa siku ambayo faili linagoma. Programu mbili, basi. Anayetaka kubishana nami kuhusu Okular anikute chini ya mwembe. Lakini aje na mashine yake ya giga mbili, si ya mjomba wake wa Ubelgiji.

Nitaambiwa: simu inatosha. Kweli, wengi wetu tunasoma kwenye simu, na silabusi zinapita kwenye WhatsApp kabla mwalimu hajatoka darasani. Sidharau simu, Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, na MuPDF ipo huko pia, bila matangazo ya kamari yanayoruka katikati ya fonolojia kama kwenye programu nyingine za bure. Lakini jaribu kusoma safu mbili za Sacleux kwenye kioo cha inchi sita. Unasukuma kushoto, unasukuma kulia, unapanua, unapunguza, na ukifika mwisho wa kidahizo umesahau kilichokupeleka. Simu ni ya kusoma habari iliyokufikia, lakini uchunguzi unadai uende mwenyewe ukatafute.

Wengine hufungua PDF ndani ya kivinjari, kwa kuwa Firefox ina kisomeo chake cha ndani tangu 2013. Sawa, kama kivinjari kiko wazi tayari na faili ni la kurasa kumi. Kwa kitabu cha kurasa mia tano ni kama kukodi lori kubeba debe la mihogo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo itaniletea lawama. Hata tukichagua programu nyepesi kuliko zote duniani, nusu ya uzito tunautengeneza wenyewe hapa hapa. Nimepokea silabusi ya kurasa sitini yenye mega 180. Mwalimu aliiandika kwa kompyuta, akaichapisha, akaipeleka kwenye kibanda cha fotokopi, kijana wa kibanda akaipiga picha kwa rangi na kwa nukta 600, akaitia kwenye flashi. Yaani herufi zilikuwapo, zikauawa, maiti yake ikapigwa picha. Kila mwanafunzi alilipa mega zake kupakua maiti ile, na hakuna aliyeweza kutafuta neno ndani yake, kwa kuwa kwa programu hakukuwa na neno, kulikuwa na madoa. Faili la asili, kama lingegeuzwa PDF moja kwa moja, lisingevuka mega moja au mbili.

Na flashi ile ilirudi na ugonjwa, kama kawaida: mafolda yote yamegeuka njia za mkato, vitabu havionekani. Hapo Linux huwa inanifurahisha, kwa sababu virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows. Kwangu mafolda ya asili yanaonekana yamejikalia tu pale yalipofichwa. Nimekwisha okoa silabusi za nusu ya darasa kwa njia hiyo, malipo yakiwa mukeke wa kuchoma mara moja na ahadi nyingi.

Kwa vitabu vya zamani ambavyo lazima vipigwe picha, ombi langu ni dogo. Kitabu kisicho na picha za rangi kipigwe kwa nyeusi na nyeupe, nukta 300. Hesabu mmeiona: tofauti ni mega 26 na mega moja kwa ukurasa. Au kiwekwe katika DjVu, umbo lililobuniwa kwenye maabara ya AT&T mwishoni mwa miaka ya 1990 na akina Yann LeCun na Léon Bottou kwa ajili ya kazi hii hasa: linatenganisha maandishi na karatasi yenyewe, kisha linabana kila kimoja kwa njia inayokifaa. Programu nyepesi nyingi hulifungua. Watu wameisahau DjVu kwa sababu PDF imekuwa mfalme, lakini kwetu wenye diski ndogo bado ina kazi.

Kisha ni suala la maandishi yanayotafutika, na hili ni la watu wa lugha moja kwa moja. Siku moja nilitaka kuona katika mkusanyo wa hadithi ni mara ngapi ng'ombe anatajwa na katika nafasi gani ya sentensi. Nikaandika neno, programu ikanijibu hakuna. Hadithi za wafugaji wa bonde la Ruzizi bila ng'ombe! Nilitazama kwa macho, nikamwona ukurasa wa kwanza. Tatizo lilikuwa kile kialama cha juu: aliyechapa alitumia kilichopinda, mimi nilitafuta kwa kilichonyooka, na kwa mashine hizo ni alama mbili zisizojuana. Kialama tunachokiandika bila kufikiri kilikuwa kimeficha kundi zima. Je, ni kazi ngapi zimehitimisha kwamba neno fulani halimo katika matini, kumbe limo?

Hapa ndipo vyombo vidogo vya Linux vinapozidi hata programu za kusomea. Poppler inakuja na amri inayoitwa pdftotext. Inalichukua faili na kutoa maandishi yake matupu, bila kuchora ukurasa hata mmoja, na mashine dhaifu kuliko zote huimaliza kazi hiyo wakati unameza mate. Ukiwa na maandishi matupu unaweza kuhesabu, kupanga, kutafuta viambishi. Kwa picha, kuna Tesseract, programu huria ya kusoma herufi kutoka kwenye picha, na ina data ya Kiswahili. Hukosea, hasa kwenye karatasi iliyolowa, lakini hukosea kwa namna inayoweza kusahihishwa na wanafunzi wanne kwa jioni mbili. Wenzetu wa mbali walitangulia kuona hili: Archives of Popular Swahili, iliyoanzishwa na Johannes Fabian na Vincent de Rooij kule Amsterdam, ilitoa matini za Kiswahili cha Shaba, pamoja na ile Vocabulaire ya mji wa Elisabethville ya André Yav, kama maandishi ya kawaida ya kurasa za intaneti. Hazihitaji hata kisomeo cha PDF. Simu ya kitochi yenye intaneti ingezisoma. Nimewahi kujiuliza kwa nini matini ya mtumishi wa nyumbani wa Lubumbashi ya 1965 inanifikia Uvira kwa urahisi kutoka Uholanzi, huku tasnifu ya Kivira iliyoandikwa umbali wa kutembea kwa mguu ikinishinda kufungua.

Bado kuna suala la jina, na wanaisimu wenzangu watanichukia nisipoligusa. Tuiiteje programu hii? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta yenye menyu za Kiswahili, na ilibidi waunde istilahi nyingi. Tangu hapo kuna tarakilishi ya Kenya, kompyuta ya Tanzania, na sisi huku tunasema mashine, neno ambalo linaweza pia kuwa kinu cha kusagia mihogo. Nimekuwa nikiandika «programu ya kusomea» na «kisomeo» kwa zamu. Ningependa kisomahati, kwa mfano wa kipimajoto na kinasasauti: kitenzi, kitu kinachotendwa, ki- ya vifaa mbele. Wengi wake ni visomahati, haisumbui. Asistenti mmoja aliniambia hati ni za mahakamani na za kiwanja, nitumie waraka. Lakini «kisomanyaraka» kinanichosha kabla sijakifungua. Nawaachia wengine. Nakiri pia kwamba MuPDF inakwepa mjadala wote huu, maana programu isiyo na menyu haina cha kutafsiriwa.

Ninachokiomba kwa baraza la fakultati si fedha. Naomba walimu watume mafaili ya asili yaliyogeuzwa PDF, wasitume picha zake. Naomba mashine sita za chumba cha kusomea ziwekewe qpdfview na MuPDF, kazi ya asubuhi moja ambayo niko tayari kuifanya. Naomba pia tasnifu zinazowekwa maktaba ziwekwe pamoja na maandishi matupu, faili moja dogo kando ya jingine, na kialama cha ng' kikubaliwe kimoja, chochote kile, ili mradi kiwe kimoja.

Programu hizo, pamoja na kila kinachohitajika kuziweka kwenye Debian bila intaneti, nimezikusanya kwenye flashi moja. Inakaa kwangu Kimanga, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi huwa niko kwenye chumba cha kusomea, umeme ukiwepo. Usipokuwepo, njooni na mashine zilizojaa chaji. Mwenzangu wa methali alikuja Jumamosi iliyopita. Amekwisha maliza kazi yake na kupata alama nzuri, lakini alikuja na faili lile la 1928, tukalifungua, naye akakaa nalo hadi betri ilipoanza kulalamika. Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini, kwenye ngeli, na alitaka kujua kama tunaweza kuupata ukurasa huo tena wiki ijayo bila kuutafuta upya. Nikamwekea zathura.